Chunguza Mimea Kabla ya Kuipanda Nyumbani

Wakazi wengi wa mijini huchagua mimea ya kupamba nyumba kwa kutazama maua tu. Kabla ya kununua mche, jiulize maswali matatu yafuatayo.

Kwanza, je, mmea huu una sumu? Oleanda ya manjano, ambayo hupandwa sana kuzunguka nyumba, ina maua yenye umbo la kengele na matunda ya kijani yenye kokwa ngumu. Sehemu zake zote zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, hasa mbegu. Utomvu mweupe wa mnyaa nao huwasha ngozi na huweza kudhuru macho. Ikiwa una watoto wadogo, usiipande mimea hii. Kama tayari unayo, ing'oe ukiwa umevaa glavu na kukinga macho. Usiichome, kwani moshi wake pia hudhuru.

Pili, mmea huo unahitaji maji kiasi gani? Maji ya mfereji yakikatika, ya kununua kwa mitungi ni ghali. Rosmari, mshubiri na bogonvilia zikishashika mizizi huvumilia kiangazi. Zipande mvua inapoanza, kisha funika udongo kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee upesi. Usiache maji yatuame katika visahani vya vyungu. Mbu waenezao homa ya dengi hutaga humo, na yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10.

Tatu, je, utalazimika kuunyunyizia dawa? Waridi hushambuliwa mara kwa mara na vidukari na ukungu. Dawa hiyo hubaki kwenye majani ambayo watoto huyashika. Mchaichai haushambuliwi sana na wadudu, na majani yake utayatia katika chai.

Mtoto akila mmea wenye sumu, mtoe mabaki kinywani. Usimtapishe wala usingoje dalili. Mkimbize hospitalini ukiwa na tawi la mmea huo ili daktari aujue. Utomvu ukiingia jichoni, lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitalini.

Leo hii, zunguka nyumba yako uhesabu mimea usiyoijua jina. Waulize wauzaji wa miche au afisa wa kilimo, na hadi upate jibu, waonye watoto wasiiguse.