SOMO LA NOELI: YUSUFU HAKUTAKA KUMWAIBISHA MARIAMU

Maandiko ya kusoma pamoja: Mathayo 1:18-25 na 2:1-18, Luka 2:1-20, 1 Wakorintho 14:29-33.



Noeli inakaribia. Kwaya zimeanza mazoezi, wamama wanaulizana juu ya vitenge, na kamati ya sikukuu imekwisha kuanza kuhesabu nani ametoa mbuzi na nani bado. Hayo ni mazuri. Lakini somo letu linauliza jambo lingine: ile amani ambayo malaika waliitangaza usiku ule wa Bethlehemu, itaingia kwa mlango gani katika kijiji chetu?

Wengi wetu tukisikia neno amani tunafikiri kwanza juu ya bunduki, wala si ajabu. Kongo yetu inajua Noeli ya damu. Tarehe 25 Desemba 2008 waasi wa LRA waliwavamia watu wa Faradje, upande wa Uele, wakiwa katika sikukuu yenyewe, na siku zile mamia ya watu waliuawa katika eneo lile. Kwa ajili ya amani ya namna hiyo tunaomba kila siku, wala tusiache. Lakini iko amani nyingine isiyongojea jenerali wala mkataba. Luka anaandika kwamba Yesu alizaliwa wakati wa Kaisari Augusto. Kaisari huyo alisifiwa sana kwa amani, hata huko Roma ikajengwa madhabahu ya mawe iliyoitwa ya Amani, ikawekwa wakfu mwaka wa 9 kabla ya Kristo, nayo inaonekana mjini humo hata leo. Amani ile ililindwa na majeshi na kulipiwa kwa kodi. Malaika hawakwenda kuimba huko. Walikwenda kwa wachungaji waliokesha nje na kondoo zao.

Sasa tumwangalie Yusufu, maana katika michezo yetu ya Noeli tunampa fimbo na kumsimamisha pembeni ya hori, basi. Alikuwa amemposa Mariamu. Akajua kwamba ana mimba, na mimba si yake. Kwa macho ya kibinadamu alikuwa na ushahidi kamili. Angeweza kuita baraza, kusimama mbele ya wazee na kusema, na kijiji kizima kingemwunga mkono. Sheria ya Kumbukumbu la Torati sura ya 22 ilikuwa kali sana juu ya jambo kama hilo. Mathayo anamwita mtu mwenye haki, na haki yake anaionyesha kwa jambo moja tu: hakutaka kumwaibisha mbele ya watu. Aliwaza kumwacha kwa siri.

Angalieni vizuri, malaika alikuwa hajaja bado. Yusufu alifunga mdomo wake kabla ya kuelewa. Baadaye ndipo alipojulishwa kwamba jambo alilolidhania kuwa kosa lilikuwa kazi ya Roho Mtakatifu. Kama angepiga mbiu jioni ile, malaika angemkuta amekwisha kuharibu.

Kwa nini naleta neno hili wakati wa Noeli? Kwa sababu kwetu Kivu mwezi wa Desemba ni mgumu. Mvua ni nyingi, mbu ni wengi. Maharagwe tuliyopanda Septemba, wengi hawajayaanika, na akiba ya nyumbani imekwisha. Mtoto anashikwa na homa, usiku degedege inaanza, kituo cha afya kiko ng'ambo ya mto, na asubuhi tunalia. Kwenye matanga mtu mmoja anauliza kwa sauti ya chini: nani anakula watoto wa nyumba hii? Hapo macho yanamgeukia koko mjane anayekaa peke yake, mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni wa miaka mingi. Au yanamgeukia yatima aliyeletwa na mjomba, ambaye hana wa kumsemea.

Ndugu zangu, malaria huletwa na mbu, na degedege ni ukali wa malaria ile inapopanda kichwani. Tena kuna ugonjwa wa damu ambao watu wa hospitali wanauita SS. Baba na mama wakiwa wote wawili wameubeba katika damu bila kujua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Ndiyo maana nyumba moja inaweza kuzika watoto wawili, watatu, na jirani asizike hata mmoja. Jibu la maswali hayo linatafutwa kwa kupima damu, si kwa mfumu.

Na sisi wa makanisa yenye karama ya unabii tuna hatari yetu wenyewe, tusiifiche. Mwezi wa Septemba 2021, katika Kivu ya Kusini, upande wa Kalehe na jirani zake, wamama wazee waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto, baada ya watu wanaojiita waonaji kuwataja kuwa walozi. Walitajwa kwa jina la Mungu! Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba manabii waseme, na wengine wapime. Kisha akatoa sababu, kwamba Mungu wetu si wa machafuko bali wa amani. Basi ndoto au ono linalotaja jina la jirani lisisemwe mbele ya kusanyiko. Lipelekwe kwa mchungaji na wazee, kwa siri, lipimwe. Likizaa petroli na mawe, limekwisha kujipima lenyewe.

Katika parokia moja ya mlimani ninayoifahamu, mama mzee mmoja aliacha kuja ibadani miezi mitatu kabla ya Noeli. Hakuna aliyemfukuza. Watu waliacha tu kuketi karibu naye, na watoto wakakatazwa kupokea muhogo wake. Mchungaji hakuhubiri juu yake hata siku moja. Alimwendea baba wa mtoto aliyefariki, akamwomba waende pamoja kumsalimu. Baba yule alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikwenda, lakini akabaki amesimama uani. Mama mzee akamletea kiti, hakuketi. Akasema, «Mama, mimi sijui.» Naye akajibu, «Hata mimi sijui, mwanangu. Mtoto yule nilimlilia.» Siku ya Noeli mke wa baba yule alikwenda kuketi kwenye benchi moja na mama mzee. Sitasema kwamba kijiji kizima kilibadilika. Wako ambao mpaka leo hawali chakula chake. Lakini alirudi ibadani, na hakuna aliyechoma nyumba yake.

Juu ya watoto, Mathayo sura ya 2 inatosha. Herode, mfalme mwenye askari, aliogopa mtoto mchanga, na hofu yake ikaua watoto wengi. Mtoto anayefukuzwa nyumbani kwa jina la mulozi yuko njiani kwenda Misri pamoja na Yesu. Sisi tujiulize tuko upande wa nani. Hata serikali imesema: Katiba ya 2006, kifungu cha 41, na Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 zinakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na anayefanya hivyo anastahili kifungo. Wazee wa kanisa wamsomee chefu wa kijiji maneno hayo.

Tena tusigombee tarehe na makanisa jirani. Injili haikuandika siku. Sisi tunaishika Desemba, ndugu zetu Wakimbangu wanaishika Mei 25, na maji tunachota kisima kimoja.

Kazi ya mashemasi kwa majuma haya ni kupita nyumba kwa nyumba, wawili wawili, mwanamume na mama, bila daftari la michango mkononi. Michango ina siku yake. Waulize tu nani hasalimiani na nani, kisha wasirudie kwa mtu mwingine walichosikia. Na siku ya sikukuu, kabla bukari na sombe havijagawiwa kwa wageni wa heshima, sahani za wasiofika zitengwe kwanza.

Kwa mazungumzo katika vikundi: Yusufu alijua nini, na hakujua nini, alipoamua kunyamaza? Ono likimtaja mtu katika parokia yetu, nani atalipima? Katika kijiji chetu nani hatafika siku ya Noeli kwa sababu ya maneno ya watu, na nani kati yetu atampelekea sahani? Katika daftari la kikundi liandikwe jina la huyo wa pili tu.