Kitabu Kilichomwonyesha Mwalimu Kazi ya Mama

Yapo mambo ambayo mtu huyatazama miaka ishirini asiyaone. Macho yake ni mazima, ila yamezoea. Juma hili twataka kuzungumza nanyi habari ya kijana mmoja aliyekulia katika nchi ya Mara, akaenda mbali kusoma, na huko mbali kitabu cha mgeni kikamfumbua macho ayaone yaliyokuwa yakitendeka kila siku uani kwa baba yake. Kijana huyo twamjua sote. Ni Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Mtemi alikuwa na wake 22, na Mugaya wa Nyang'ombe, mama yake Kambarage, alikuwa wa tano. Aijuaye nchi ile, toka Kabasa na Bunda hata Butiama, na toka Butiama hata Musoma ufukoni mwa ziwa, hana haja ya kuelezwa kazi ya mama katika mji kama ule. Jogoo wa kwanza humkuta macho. Kuna maji ya kuteka na kuni za kutafuta. Kuna jembe la mkono na shamba la mtama au ulezi linalomngoja. Kuna jiwe la kusagia jioni, na moto, na watoto, mmoja akiwa mgongoni siku nzima. Wanaume nao walikuwa na kazi zao, za ng'ombe, za ulinzi, za kukata miti na kuamua mashauri. Lakini kazi ya mwanamume ilikuwa na msimu na mapumziko. Ya mwanamke haikuwa nayo.

Kambarage aliyaona hayo yote, wala hatudhani kwamba yalimshangaza. Kwa nini yamshangaze? Alichunga mifugo kama watoto wengine wa rika lake, akala ugali uliosagwa kwa mikono ya mama, akalala. Mtoto hashangai kwamba jua huchomoza.

Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilometa kama 40 kutoka nyumbani. Mwaka 1937 akaingia shule ya serikali ya Tabora, shule ya wavulana watupu, akakaa huko hata 1942, mwaka uleule aliokufa baba yake. Mwaka 1943 akaenda Makerere, Uganda. Hapo napo palikuwa pa wanaume peke yao, na wito wa chuo ulisema waziwazi: Na tuwe wanaume! Wanawake wa kwanza, sita tu, walipokelewa mwaka 1945, ndipo wito huo ukabadilishwa, ukasema kwamba chuo chajenga kwa ajili ya siku zijazo. Twayataja haya ili msomaji aone jambo la ajabu kidogo. Kijana alikuwa ametengwa na kazi ya mama zake kwa karibu miaka kumi, akiwa kati ya wavulana, vitabu na kengele za shule. Na ni katika utengano huo alipoiona kazi ile kwa mara ya kwanza.

Wengine watatarajia kwamba gazeti la Kikatoliki litachagua jambo jingine katika maisha yake, yaani ubatizo wake, alioupokea Nyegina, karibu na Musoma, tarehe 23 Desemba 1943. Kwa kweli siku ile ilikuwa kubwa kwake kupita zote, wala hatuipunguzi hata kidogo. Lakini leo somo letu ni juu ya jinsi jicho linavyofumbuliwa, na katika jambo la kazi ya wanawake jicho lake lilifumbuliwa na mwandishi ambaye hata hakulelewa katika dini yo yote. Mungu hana upungufu wa watumishi.

Mwandishi huyo ni John Stuart Mill, Mwingereza aliyekufa mwaka 1873. Mwaka 1869 alitoa kitabu juu ya kutawaliwa kwa wanawake. Yeye hakuwa mtu wa maneno tu: mwaka 1867, akiwa mbunge, alitaka sheria ya uchaguzi iseme "mtu" pale iliposema "mwanamume", ili wanawake nao wapate kupiga kura. Akashindwa. Kitabu chake kina hoja nyingi, nasi tutachukua tatu tu, kwa maneno yetu wenyewe.

Kwanza, alisema kwamba amri ya mume juu ya mkewe, kama sheria za Uingereza zilivyokuwa siku zile, ilifanana na utumwa, tena utumwa ambao watu wema hawakuutambua, kwa kuwa ulikaa ndani ya nyumba zao wenyewe. Ya pili, alisema hakuna awezaye kudai kwamba anajua tabia ya asili ya mwanamke, madhali wanawake wote aliowaona wamelelewa tangu utotoni katika kutii. Hoja hii ilionekana ngeni sana Uingereza. Sisi Waswahili tulikuwa nayo siku zote, tukisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, ila hatukuwa tumeitumia mahali hapo. Ya tatu ndiyo ituchomayo sisi wazazi. Alisema mvulana anayekua akijua kwamba yeye ni bora kuliko kila mwanamke duniani, mama yake akiwamo, bila kuwa ametenda lo lote la kustahili ubora huo, huharibika yeye mwenyewe.

Basi kijana wa Butiama alisoma hoja hizo Makerere. Angeweza kuzichukua kama wanafunzi wengi wachukuavyo, yaani kuzikariri kwa ajili ya mtihani na kuziacha Uingereza zilikotoka. Yeye alifanya jambo jingine. Akaketi, akaandika insha, akazipima hoja za Bwana Mill kwa maisha ya wanawake wa kabila lake mwenyewe. Miaka mingi baadaye, akiwa Rais, alipoulizwa habari za insha ile, alieleza kwamba baba yake alikuwa na wake 22, naye alijua jinsi walivyofanya kazi kwa nguvu na mambo waliyoyapitia kwa kuwa ni wanawake.

Tafadhali tusimame hapa kidogo. Neno ni "alijua". Kitabu hakikumletea habari hata moja asiyokuwa nayo. Mill hakupata kufika Butiama, wala hakujua ulezi ni nini. Habari zote za mtungi, jembe na jiwe la kusagia zilikuwamo kichwani mwa kijana tangu utotoni, zimewekwa pamoja na mambo ya kawaida kama mawe ya mlimani. Kilichokuja na kitabu ni swali, nalo ni hili: kwa nini iwe hivi? Mara swali lilipoulizwa, mambo yote yaliyokuwa ya kawaida yakasimama kama mashahidi.

Wala tusidhani kwamba yeye alikuwa nje ya desturi ile akiitazama kwa mbali. Alipokuwa bado kijana wa shule, baba yake alikwisha kumposea binti mdogo, kama ilivyokuwa desturi ya wakubwa wa siku zile. Ndoa hiyo haikuendelea. Mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel Magige, mwalimu, mke mmoja mbele ya altare. Aliyeandika ile insha alikuwa anaandika juu ya nyumba ambayo yeye angekuwa bwana wake.

Je, jicho likishafumbuliwa, mkono nao hufuata? Si mara zote, na tutasema pale ulipochelewa. Aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, alikaa Butiama akijenga nyumba ya kumwoea Maria, akikanyaga matope na kupanga matofali kwa mikono yake mwenyewe. Watu walistaajabu kuona mtu aliyesoma Ulaya akichafuka miguu hivyo. Mwaka 1955 alipoacha ualimu kwa ajili ya siasa, na mshahara ukakoma, Mama Maria aliendesha duka dogo Magomeni, Dar es Salaam, ili jamaa ipate kula. Wanaoandika historia ya uhuru hulipita duka hilo kwa mstari mmoja. Sisi twaona lingestahili ukurasa.

Halafu ukaja mwaka 1967. Katika Azimio la Arusha, barua kubwa ya siasa ya nchi hii, yumo mwanamke wa kijijini. Azimio lasema kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na siku za sikukuu, na kwamba hakuna katika Tanzania afanyaye kazi kuliko wao. Nao wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Mwaka huohuo, katika maandishi yake juu ya ujamaa vijijini, Mwalimu aliisifu jamii ya wazee wetu kwa umoja wake, kisha akataja kasoro zake mbili, umaskini na unyonge wa wanawake. Mtu mwingine mwenye kuwasifu wazee angeiacha kasoro ile ya pili, maana huharibu sifa. Yeye hakuweza kuiacha. Twaamini kwamba yule mwanafunzi wa 1944 alikuwa bado amekaa ndani yake.

Sasa twawasikia wazee wetu wakisema: mwacha mila ni mtumwa. Nasi twawajibu kwa heshima. Ni kweli, shikamooni, mila ile ilikuwa na hifadhi yake. Mara nyingi mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake na ghala lake, na ndugu zake walikuwa tayari kuja kuuliza habari akidhulumiwa. Wala hatusemi kwamba Mtemi Burito alikuwa mkali kwa jamaa yake. Hatuna neno kama hilo. Mwalimu mwenyewe hakumshtaki baba yake. Shida ya desturi ni kwamba huweza kumchosha mtu bila kuwapo mkatili hata mmoja. Baba mwema na mama mchovu wakakaa nyumba moja miaka hamsini, wala yule baba asijue.

Na leo je? Msikilizeni mwanamume akiulizwa habari za nyumbani kwake. "Mimi ni fundi, mke wangu hafanyi kazi, yuko nyumbani tu." Hafanyi kazi! Aliyeamka kabla ya alfajiri, akawasha moto, akaogesha watoto wanne, akateka maji, akapalilia mihogo, akarudi kupika, hafanyi kazi. Neno hilo "tu" ndilo lile zoea tulilolitaja mwanzoni. Twamwomba kila baba asomaye haya afanye jaribio la siku moja. Achague siku ya kazi, si Jumapili, akae karibu na mkewe tangu jogoo wa kwanza hata taa izimwe, akiandika katika daftari kila kazi na saa yake. Asitoe shauri wala asisifu. Aandike. Daftari hilo litamtosha kuwa kitabu cha Bwana Mill.

Tulisema tutataja pale mkono ulipochelewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotungwa Mwalimu akiwa Rais, ilileta mema mengi: ilimpa mke haki ya kuwa na mali yake, ikasema kwamba hakuna mume wala mke aliye na haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Lakini sheria hiyohiyo iliweka umri wa msichana kuolewa kuwa miaka 15, na wa mvulana 18, tena ikaruhusu mahakama kukubali hata wa miaka 14. Jicho lililoona jembe la mama halikuona vizuri daftari la binti. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo.

Hukumu yatoka Dar es Salaam, lakini ng'ombe za mahari hufika nyumbani. Baba wa kijiji fulani huko Mara, na si Mara peke yake, hupata mgeni jioni. Mgeni ana adabu, asili yake yajulikana, na ng'ombe anazozitaja ni nyingi kuliko zile zilizokufa katika ukame. Binti yumo jikoni, anasafisha taa ili apate kusoma. Mwaka wake wa mwisho wa shule umebaki. Mama yake asikia yote kwa nyuma ya ukuta, wala hapana aliyemwuliza.

Twamwomba baba huyo, kabla hajamjibu mgeni, amwite mkewe aketi nao, aseme naye ayaonayo.