Jumatano: Rahabu Apewa Mahali pa Kukaa

Soma Yoshua 2:1–21 na 6:22–25. Baada ya Yeriko kuanguka, Waisraeli walimtendea nini mwanamke aliyewaficha wapelelezi wao?

Madarasa mengi yakifika kwa Rahabu, muda wote huishia kwenye uongo aliowaambia watumishi wa mfalme. Ni swali la haki, lakini kengele hulia kabla darasa halijafika sura ya 6, na huko ndiko habari yake inakoendelea.

Rahabu alijua malipo ya kumficha adui wakati wa vita. Hatari haikuwa yake peke yake, kwa maana baba, mama na ndugu zake wangeangamia pamoja naye. Hata hivyo aliwapandisha wageni darini, akawafunika kwa mabua ya kitani. Mkulima anayepeleka mahindi yake soko la Kibaigwa anayajua mabua yaliyorundikwa baada ya mavuno. Huo si ukuta. Askari mmoja akilipiga rundo teke, mambo yamekwisha.

Yoshua hakusahau. Katikati ya kelele za ushindi aliwatuma wale vijana wawili, ambao ndio walioapa, wamtoe Rahabu na jamaa yake. Fungu la 23 linataja jambo ambalo wasomaji hulipita upesi: kwanza waliwekwa nje ya kambi ya Israeli. Walikuwa hai, lakini walikuwa bado wageni. Fungu la 25 linamkuta anakaa katikati ya Israeli, na Mathayo 1:5 inamkuta katika ukoo wa Masihi. Waebrania 11:31 na Yakobo 2:25 zinamsifu, huku zikiendelea kumwita kahaba. Mitume hawakungoja kumtafutia jina zuri ndipo wamheshimu.

Barabara kuu inayopita Kibaigwa ndiyo inayopitisha malori yaendayo mpaka wa Rusumo, na ng'ambo ya mpaka huo ni Rwanda. Huko, mwaka 1994, Watutsi walipokuwa wakiwindwa, Zura Karuhimbi wa kijiji cha Musamo, Ruhango, alificha zaidi ya watu 100 katika nyumba yake ndogo na shambani kwake. Alikuwa mwanamke mzee, mganga wa mitishamba, na majirani walimwogopa wakidhani ni mchawi. Hofu hiyo aliigeuza kuwa komeo la mlango. Alijipaka mmea unaowasha ngozi, akawagusa nao wauaji, akatikisa bangili zake na kuwatishia kwamba wakiingia, ghadhabu ya mizimu itawashukia. Waliondoka. Miaka 20 baadaye, mwandishi wa habari alipomhoji, alisema kwamba anamwamini Mungu mmoja tu, na kwamba habari za uchawi zilikuwa ngao ya kuokoa watu.

Serikali ya Rwanda ilimtunuku medali mwaka 2006. Aliithamini sana medali hiyo. Lakini waliomtembelea uzeeni walimkuta kikongwe maskini, katika nyumba iliyochakaa. Alifariki Desemba 2018.

Habari hii inalihusu kanisa kwa namna inayouma. Mwaka uleule, tarehe 16 Aprili, watu waliokimbilia kanisa na hospitali ya Waadventista huko Mugonero waliuawa humohumo. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani mchungaji Mwadventista kwa kusaidia mauaji ya kimbari. Wapo pia waliosimama. Carl Wilkens, mkuu wa ADRA nchini Rwanda, aliisafirisha familia yake, kisha yeye mwenyewe akakataa kuondoka Kigali. Ni vyema darasa litaje yote mawili. Darasa linalomtaja Wilkens tu na kunyamaza juu ya Mugonero halijasema kweli yote, na darasa linalomkataa Zura kwa sababu ya bangili zake lisome tena Waebrania 11:31.

Ukirudi kwa Rahabu, angalia kwamba kiapo alichopewa hakikuwa cha shukrani ya maneno. Wapelelezi waliweka rehani uhai wao kwa ajili ya uhai wake (Yoshua 2:14). Kwa hiyo mtu wa kwanza kutumwa kumtoa alikuwa yule anayedaiwa. Halafu ikabidi Israeli wampe nafasi ya kuweka hema, majirani wa kuteka nao maji, na mwishowe mume. Maandiko hayasemi kwamba alijengewa nguzo ya ukumbusho. Yanasema alikaa.

Maswali ya kujadili darasani

1. Ni nini kilichobadilika kati ya Yoshua 6:23 na 6:25, na ni nani aliyepaswa kukibadilisha?

2. Katika mtaa wenu yuko mzee, mwanamume au mwanamke, aliyewahi kuwahifadhi watu wakati wa vita, njaa au fujo. Nyumba yake ikoje leo? Nani kati yenu alifika kwake mwezi huu?