Ujuzi wa Kale Haupotei

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi. Alitembeza vyungu akivinadi, na kwa kunadi huko sauti yake ilipata nguvu. Mwaka 1911, umri umekwisha pita miaka 30, alihamia mjini. Hakujua kusoma, lakini alipata walimu wa uimbaji, akazihifadhi nyimbo moyoni. Mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika santuri huko Bombay.

Twajifunza nini? Kwanza, ujuzi wa kazi ya kale ni mtaji wa kazi mpya. Pili, bidii pekee haitoshi pasipo mwalimu. Basi, dada au binti atakapo kubadili kazi, tusimwambie wakati wake umepita. Tumtafutie wa kumfundisha.