MTU WA UBISHI KATIKA CHAMA
Somo: Mathayo 18:15-17, 3 Yohana 9-11

Huko Ujerumani na Uswisi viko vyama vya kulenga shabaha kwa bunduki, vingine ni vya zamani kuliko Luther. Mahali pa shabaha mtu ye yote akiona hatari akaita "Acheni!", wote huacha mara moja, maneno hufuata baadaye. Basi mwenye kubisha kila amri haudhi tu. Aweza kumwua mwenziwe.

Tumtendee nini? Kwanza bunduki yake iwekwe chini, ndipo tuseme naye. Wala tusimsengenye: Luther, akiieleza amri ya nane katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, atufundisha kumtetea jirani na kuyafasiri mambo yake kwa wema. Huenda neno lake ni chungu, lakini ni la kweli; tulipime.

Kisha umwendee peke yako. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia tena, waambiwe wote. Lakini wengi wetu huanza na hilo la mwisho!

Diotrefe alipenda kuwa wa kwanza, akamnenea Yohana maovu, akawafukuza ndugu. Yohana hakunyamaza, alisema kwamba akija atayataja matendo yake. Walakini alimwonya Gayo asiuige ubaya, bali wema.

Maswali:
1. Ni nani niliyemsema pasipo kumwendea?
2. Je, mbishi huyo si mimi?