Dondoo muhimu: Kuondoa mng'ao wa magurudumu ya treni za modeli

Gurudumu la garimoshi halisi hung'aa pale tu linapokanyaga reli. Ubavu wake hujaa kutu, vumbi na grisi. Ndiyo maana injini ya modeli yenye magurudumu yanayometameta kote huonekana kama kitu cha kuchezea, hata mwili wake ukiwa umepakwa kwa ustadi. Futa ubavu kwa spiriti, kisha paka rangi ya kahawia iliyokolea, isiyong'aa. Wapo wanaopendelea dawa ya kemikali ya kugeuza chuma kuwa cheusi, kwani haiongezi unene. Ni kweli, ila haishiki chuma cha pua, na isiposuuzwa vizuri huleta kutu halisi! Sehemu inayogusa reli usiipake kamwe: umeme wa mota hupitia hapo, na rangi huuzuia.