Majina ya Mitaa ya Eastlands kama Kumbukumbu ya Jiji

Atafutaye historia ya Nairobi na aanzie majina ya mitaa ya Eastlands. Kariokor ni "Carrier Corps" katika matamshi ya Kiswahili: kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambamo makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa, wengi wao kwa maradhi. Dar es Salaam nayo ina Kariakoo, neno lilo hilo. Makaburi yao mengi hayajulikani. Jina limesalia sokoni. Mbotela na Ofafa, mitaa ya miaka ya 1950, inawakumbuka madiwani waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Nao wakazi waliobomolewa nyumba Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930 walihamishiwa Shauri Moyo, jina lidokezalo hiari. Ya kubaki Pangani hawakuwa nayo.